Mwali wa Karantini

Kwetu Tabora tuliitwa watu wa pwani. Bahari nimekuja kuiona nikiwa na wajukuu tayari, lakini darasani mwalimu akitaka kunitaja alisema "yule wa pwani", na wenzangu wanacheka kana kwamba nimekuja shuleni na magamba mgongoni. Kisha ndugu wa Uzaramo wakija kututembelea kwa gari moshi, tukawapikia, tukawatandikia, tukawapisha vitanda, wanageuka wanatuita Wanyamwezi, eti ugali wetu wa mtama na salamu zetu za kupiga magoti si za Kizaramo. Hebu niambie, mtu afanye nini hapo? Babu wa baba yangu alikuja na msafara amebeba shanga za watu wengine. Akashikwa na homa, wenzake wakamwacha, akapona, akaoa, akabaki. Habari yetu yote ndiyo hiyo. Hatukuja kuchukua kitu cha mtu.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa hapo hapo Tabora, na mama yake vilevile. Naye bahari hakuijua. Lakini kila alichosikia kuwa ni cha Kizaramo alikishika kwa mikono miwili, akakilinda kuliko wenye nacho huko huko kwao. Nadhani ndivyo wanavyokuwa watu wachache katikati ya wengi. Wenyewe wa Uzaramo wanalegeza wanavyotaka, maana nani atawaambia si Wazaramo? Sisi tukilegeza uzi mmoja tu bibi anaona nguo nzima inafumuka.

Na uzi mkubwa kuliko yote ulikuwa mwali. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Mwanamume hamwoni, mchana hatoki, kwa sauti hasemi. Anafundwa mambo ya mwanamke mpaka siku ya kutolewa, na akitolewa mume yuko nje anangoja. Zamani ilikuwa miaka. Kwetu ilikuwa imepungua ikawa miezi, kwa sababu nyumba za mtaa wetu wa Chemchem ni ndogo na mikono ya kuteka maji ni michache. Bibi alisikitika sana kwa kupungua huko.

Shule aliniruhusu kwa shingo upande, kwa kuwa ilikuwa ya serikali, si ya misheni. Hata hivyo kila nikirudi ananishika kidevu, ananigeuza uso kwenye mwanga, ananichunguza paji la uso kama sijamwagiwa maji nikabatizwa. Ananiuliza leo mmeimba nini. Nikimwambia tumeimba wimbo wa mvua, anataka niuimbe wote, asije akatajwa mtu ndani. Halafu naenda chuo kusoma Kurani, ili kile kimoja kikirekebishe kingine. Nilikuwa nachoka, wallahi, lakini nilisoma. Nilipomaliza darasa la nne walichaguliwa wachache wetu kwenda shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji, na katika Waislamu nilikuwa mimi peke yangu.

Nilitaka kwenda. Nasema wazi kwa sababu katika habari hii yote hakuna aliyeniuliza. Nilitaka kuwa mwalimu, nisimame mbele na chaki mkononi, nimwite kila mtoto kwa jina alilopewa na wazazi wake. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, alifanyia kazi barazani kwetu, na siku aliposikia nimechaguliwa alinishonea magauni ya shule kwa kitambaa kizuri kuliko walichoagiza. Alikuwa mtu mwema sana baba, ila mbele ya mama yake mifupa yote ilimtoka.

Basi, shule imekaribia kufunguliwa, sanduku limefungwa, na mimi nikavunja ungo. Bibi alipiga vigelegele vya kufika sokoni. Kabla ya adhuhuri nimo ndani ya chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa mkeka, nimefunikwa kanga gubigubi, nalia, na wanawake wanashangilia. Mama yangu alinilowekea maharage niliyoyapenda, basi. Yeye alikuwa mkwe katika nyumba ile, na mkwe hana kauli mbele ya mama mkwe katika jambo la mwali. Baba alijaribu kidogo, akasema mama, shule inafunguliwa wiki ijayo. Bibi akamjibu kwamba shule ni nyumba ya matofali, haikimbii. Na tena mume alikwisha kuwapo, mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa akifanya kazi reli. Binamu nyama ya hamu, wanasema watu. Hiyo hamu waliionea wapi sijui. Yule kijana alikuwa mtu mzuri na hakuwahi kunitazama mara mbili. Baadaye nilisikia alikuwa akimpenda msichana mmoja wa Kigoma, lakini na yeye hakuulizwa.

Baba aliomba jambo moja tu, akubaliwe aende shuleni kuniombea udhuru, labda nafasi yangu ingewekwa mpaka mambo yatulie. Bibi akamwambia aende akitaka, ila asithubutu kutaja la ndani. La mwali halisemwi nje, wala halisemwi na mwanamume, wala haliambiwi Mzungu.

Sasa sikiliza aliyoyafanya baba yangu. Alivaa kanzu safi, akapanda baiskeli, akaenda mpaka kwa mkuu wa shule, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa na Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka kuliko chetu. Akasimama mbele yake na kofia mkononi. Angesema nini? Baba mzima ataje damu ya binti yake mbele ya mwanamke wa watu? Akasema mtoto ni mgonjwa. Akaulizwa anaumwa nini. Akasema homa. Akaulizwa, ana vipele? Na baba, mstaarabu wa Tabora asiyejua kumkatalia mgeni uso kwa uso, akajibu, "Kidogo."

Kidogo! Mpaka anakufa hakuweza kutueleza neno lile lilitoka wapi. Alisema lilimjia lenyewe, kwa adabu tu, kama vile mtu anavyoulizwa umeshiba akasema nimeshiba. Na mwaka ule ndui ilikuwa imesikika vijiji vya upande wa Nzega.

Siku ya pili yake bwana afya akaja. Kijana wa Ujiji, kaptula imepigwa pasi, bomba la dawa mgongoni, nyuma yake watu wamebeba ndoo za chokaa. Bibi akakaa mlangoni. Bwana afya akauliza mgonjwa yuko wapi, bibi akasema hapa hapana mgonjwa. Akauliza kile chumba cha nyuma kina nani. Bibi akasema hakina mtu. Na mimi kule ndani, kwa vumbi la ule mkeka wa dirishani, nikakohoa.

Ikawa basi. Mgonjwa anafichwa. Akataka kuingia, bibi akasema mwanamume haingii humo ila juu ya maiti yake, na kadiri bibi alivyozidi kukataa ndivyo bwana afya alivyozidi kuamini kwamba chumbani mna ndui ya kuangamiza mji. Wakapaka chokaa kuta zote za nje, wakafunga kamba kuzunguka baraza, wakasimamisha kitambaa chekundu kwenye mti. Karantini. Asitoke mtu, asiingie mtu, mpaka amri nyingine. Cherehani ya baba ikafunikwa. Wateja walisimama ng'ambo ya njia wanamwomba awarushie kanzu zao, na baadhi yao wakazipokea kwa ncha ya fimbo.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba mtaa mzima ulijua. Wanawake walijua tangu vile vigelegele, wanaume walijua kwa kuona wake zao wanapeleka unga. Hata huyo bwana afya alikuwa Mwislamu mwenye dada zake kwao, na angetumia akili kidogo angejua mara moja. Lakini akivaa kofia ya kazi akili ya nyumbani anaiacha kwenye msumari. Hakuna aliyekwenda kumnong'oneza. Walioona haya waliona haya, na waliopenda kucheka walicheka. Mimi nimekaa gizani nahesabu tu kwamba leo wenzangu wamefungua shule, leo wamepewa vitabu. Serikali imenifungia kwa ugonjwa nisiokuwa nao, bibi amenifungia kwa uzima wangu, na kamba zote mbili zimefungwa mlango mmoja. Nililia mpaka nikachoka kulia, nikabaki na hasira, na hasira ilinifaa zaidi.

Aliyekuwa akinifunda ni shangazi, dada yake baba, mama yake yule binamu. Karantini ilimkuta humo humo ndani. Alinifundisha kukaa, kunyamaza, kupepeta, kumkanda mtu mgongo, kujisitiri, na mambo mengine ambayo nayo sitayataja, si kwa kuyaonea haya bali kwa kuwa ni yake. Alikuwa mwanamke mwenye mikono mizuri na maneno machache. Siku moja nilipogoma kula aliniambia kwamba yeye alikaa ndani miaka miwili, akatoka hawezi kutazama jua. Alisema hivyo akiendelea kunisuka. Nilidhani ananitisha.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mnyamwezi wa Puge, mjane, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyeuza karanga sokoni. Huyu alikuwa mtani wetu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakipokelewa kule pwani na sisi kupokelewa huku bara. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana asubuhi kabla hujanawa uso, akachukua jungu lako jikoni akaondoka nalo mpaka umkomboe kwa kitu, na kukasirika ni mwiko. Anayemkasirikia mtani amejitafutia balaa mwenyewe. Siku zote za karantini bibi na yule mtani walirushiana maneno juu ya ua. Mtani alimwuliza bibi kama lile bendera jekundu ni la kuitia jahazi, maana amekaa bara mpaka amesahau maji yako wapi. Bibi akamjibu kwamba afadhali aliyesahau maji kuliko mpagazi aliyebeba mizigo mpaka utosi ukawa bapa. Ndiyo ilikuwa furaha yao.

Siku zikapita, hakufa mtu, hakuota mtu kipele, bwana afya akaja kuondoa kamba yake na uso wa mtu aliyeshinda vita. Bibi naye akaona afanye haraka. Akapanga nitolewe, na harusi ifuate mara moja. Wanawake wakaja, ngoma ikapigwa uani, mimi nimefunikwa kanga mpya, shangazi ananiongoza kwa mkono. Nikafika kizingitini. Kizingiti kikawa na mtu.

Yule mtani alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, na kabla shangazi hajanivusha akanidaka kifundo cha mkono. Akasema mwali huyu ni wake, wanaomtaka wamkomboe. Wanawake wakacheka sana, maana watani hufanya hivyo na ngoma isiyoharibiwa na mtani haina utamu. Wakamletea jogoo. Akakataa. Wakaleta doti ya kanga, akaipapasa, akasema inachuja rangi. Wakaleta sinia la wali. Akalikataa nalo, na hapo wachache wakaacha kucheka, kwa sababu yule mama hakuwahi kukataa wali wa bibi.

Bibi akamwuliza anataka nini.

"Apelekwe shule kwanza," mtani akasema. "Akikubaliwa, asome. Akikataliwa, mtoeni mkamwoze. Simwachii mkono."

Ngoma ikanyamaza yenyewe. Nilikuwa chini ya kanga, sioni kitu ila miguu ya watu, na mkono wa yule mama umenishika kwa nguvu za mtu anayetwanga kila siku. Bibi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba utani nao una mpaka.

"Mpaka upi?" mtani akamwuliza. "Siku ya mazishi ya mume wangu uliingia kaburini ukalala, ukasema hazikwi mtu hapa mpaka upewe mbuzi. Nimefiwa, nalia, na mbuzi nikatoa. Nilikwambia utani una mpaka?"

Ilikuwa kweli, Tabora nzima ilihudhuria. Na bibi, mlinzi wa desturi, aliyenifungia kwa ajili ya desturi, akabaki amesimama mbele ya desturi nyingine isiyomwachia njia. Kukasirika mwiko. Kumsukuma mtani ni mwiko mkubwa zaidi. Mwisho akasema haya, mchukue, Mzungu atamkataa, na kesho kutwa ninamtoa mwali wangu na mlango huu nitaukalia mimi mwenyewe.

Asubuhi yake tukaenda, mimi ndani ya gauni la shule na kanga juu yake, mtani mbele na rozari yake, na baba nyuma kwa mbali anakokota baiskeli kana kwamba anapita tu njia hiyo. Getini baba akasimama. Hakuingia. Baba yangu, nampenda, Mungu amrehemu, lakini siku ile nilitamani kumtupia jiwe.

Mkuu wa shule aliponiona tu akarudi nyuma, maana jina langu kwake lilikuwa jina la ndui. Akaniamuru nikae peke yangu mwisho wa ukumbi. Akamwambia mtani kwamba mtoto wa nyumba ya karantini haingii shuleni bila barua ya daktari, na tena anayemleta mtoto ni mzazi, yeye ni nani? Mtani akasema yeye ni mtani. Mkuu wa shule akamgeukia mwalimu wake wa Kiafrika, binti wa Kinyamwezi mwenye viatu vya ngozi, amweleze maana yake. Na yule binti, ambaye kwao utani ni kama chumvi, ambaye bila shaka naye alikuwa na watani wake wa kumwibia kuku, akaona haya mbele ya Mzungu wake. Akasema hajui, labda ni mtu wa jirani tu. Nilimtazama sikuamini.

Hapo mtani akafanya alilolijua. Juu ya meza ya barazani kulikuwa na kengele ya mkono, ile ya kugongea vipindi. Akaichukua, akakaa nayo kizingitini mwa ofisi, akaiweka mapajani, akasema haitoki mpaka ikombolewe. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kila mwenye akili duniani ataelewa. Mkuu wa shule alielewa kwamba ameibiwa kengele. Akaiomba kwa upole, kisha kwa ukali. Vipindi vikapitiliza, wasichana wakaanza kuchungulia madirishani, uji ukapoa bila kugongewa. Mtani akamtania, akamwambia Waingereza wamechukua nchi nzima hawajaikomboa, wanalilia kengele. Nashukuru Mungu yule binti hakutafsiri, na Kiswahili cha kitabuni cha yule Mzungu hakikufika huko. Mwisho mkuu wa shule akasema anatuma mtu polisi.

Niliyokuwa nikiyasubiri kwa mtani yalikuwa maneno machache tu, kwamba huyu si mgonjwa bali mwali. Hakuyasema. Aliulizwa mara kadhaa mtoto anaumwa nini, akasema yeye hajui, waulizwe wenyewe. Siri ya mwali wa Kizaramo haikuwa yake ya kuitoa, hata kwa kuokoa ngozi yake. Basi tukawa watu wanne pale, wanawake watupu, kila mmoja amekaa juu ya neno lile lile kama kuku juu ya yai, na hakuna aliyetaka kunyanyuka. Na mimi? Mwali hasemi. Nilikuwa nimefundwa vizuri.

Baba aliposikia polisi ndipo alipopata miguu. Akapanda baiskeli akaenda nyumbani kama anafukuzwa, na aliporudi alikuwa amempakia bibi nyuma, kaniki imemfunika, kandambili moja imemdondoka njiani. Bibi hakuwahi kukanyaga shule yoyote. Hakuja kwa ajili yangu, nisimsingizie. Alikuja kwa sababu mtani wake alikuwa karibu kufungwa kwa jambo la nyumba yake, na hiyo ni aibu isiyofutika. Akapita getini, akanipita mimi, akasimama mbele ya yule Mwingereza na mguu mmoja mtupu.

"Huyu si mwizi, ni mtani wangu," akasema. "Na mtoto hana ndui wala hakuwa nayo. Alivunja ungo, nikamweka ndani mimi, ndiyo desturi yetu. Baba yake aliona haya kukwambia."

Alisema wazi, mchana kweupe, na mwanawe wa kiume anamsikia. Baba akageuka akatazama barabarani. Mkuu wa shule hakuwa ameelewa maneno ya ungo, akamwuliza yule mwalimu, naye akamnong'oneza kwa Kiingereza, na uso wa Mzungu ukawa mwekundu mpaka shingoni. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kabati la ukutani. Mlikuwa na vitambaa safi vimekunjwa, safu juu ya safu, na sabuni, na mikanda ya kufungia.

Akasema kila msichana wa pale amekwisha kupata au atapata, na yuko mama bwenini kazi yake ni hiyo. "Mngeniambia siku ile," akasema, "ningemwekea kitanda. Kwa nini hamkuniambia? Kitanda chake nimempa mwingine Jumatatu."

Ilikuwa Jumatano.

Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, na nilidhani wahenga walikuwa wakitutazama sisi. Lakini na yeye je? Kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo. Amekaa na wasichana miaka, anajua yanayowapata, na hajapata kumwambia mzazi mmoja kwamba humo mna vitambaa na bwenini mna mama wa kuwatunza. Alingoja nani amwulize, baba yangu? Na wale wa Kiislamu waliochaguliwa kabla yangu wasitokee, hakujiuliza walikwenda wapi? Alikuwa na jibu tayari, nami nililisikia, kwa sababu bibi alimwuliza mwakani itakuwaje.

"Mwakani nafasi itakuwapo, kama hajaolewa," akasema. "Wasichana wenu wa mjini huolewa."

Bibi akamtazama yule mwanamke juu mpaka chini. Sijui ni lile neno "wenu" lililomchoma, au ni kabati, au ni kitanda cha Jumatatu. Sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza.

"Huyu haolewi," akasema.

Mtani akarudisha kengele mezani. Akasema yeye fidia yake hajaiona, ila atasubiri. Tukatoka. Njia nzima wale vikongwe wawili waligombana nani alipe kandambili iliyopotea, na mimi nikatembea nyuma yao, sijui nimeshinda au nimeshindwa. Mwaka mzima wa kungoja ulikuwa mbele yangu kwa neno moja ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni.

Shangazi alitufikia alasiri. Habari zilikuwa zimemtangulia. Alikuwa amekwisha kununua vitu vya harusi, watu wa reli wamealikwa, mwanawe ameombewa ruhusa kazini. Nilikuwa tayari kwa makelele, na kusema kweli nilikuwa tayari kuyajibu. Shangazi hakupiga kelele. Alimwamkia mama yake shikamoo, akakaa mkekani, akakunja miguu vile alivyonifunza mimi. Akauliza kama ni kweli kwamba bibi amekwenda kwa Mzungu akaitaja siri ya mwali kwa mdomo wake, ili mimi nisiolewe. Bibi akasema ni kweli.

"Mama," shangazi akasema, "mbona mimi hukunisemea?"

Bibi alikuwa na jibu kwa kila mtu mjini. Alimjibu bwana afya, akamjibu Mzungu, na mtani alimjibu kila siku ya Mungu. Hapo alichukua birika. Akamwuliza shangazi kama atakunywa chai. Shangazi akasema atakunywa.

Yule binamu alimwoa msichana wake wa Kigoma kabla ya mwaka kwisha, na sijapata kuona bwana harusi mwenye furaha kama ile. Mimi nikarudia masomo na watoto wadogo, magoti yangu hayaingii chini ya dawati, mpaka shule ya bweni ilipofunguliwa tena. Siku ile nilidhani baba ndiye atakayenipeleka. Aliyekuja asubuhi kunibebea sanduku ni shangazi. Alilibeba kichwani kutoka Chemchem mpaka kule bila kupumzika na bila kusema, na mimi nyuma yake nabeba godoro, nimekasirika kwamba siku yangu kubwa nimepewa mtu asiyezungumza.

Getini akalitua. Nilimwambia aingie aone bweni, akasema hapana, miguu yake ina vumbi. Akanitengeneza kola. Kisha akatazama pembeni, akasema taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, kwamba nikishazoea huko ndani nimwulizie kama wanachukua na watu wazima.

Niliuliza siku ile ile. Hawachukui.